Maisha ya Seyyid Barghash bin Said

Na Mwanafunzi wa Zamani, Namoto

Napenda kuwaeleza wanafunzi, na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni, habari za mfalme mmoja ambaye jina lake hutajwa sana lakini maisha yake hayajulikani vizuri. Naye ni Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja na pwani ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1870 hata 1888.

Huenda msomaji akauliza, mtu wa Namoto ana nini na Sultani wa Unguja? Kwetu ni karibu na mlango wa Mto Ruvuma, upande wa kusini, katika nchi ya Msumbiji. Tunasema Kimakwe, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na ng'ambo ya mto tuna wajomba na shangazi. Lakini zamani za Barghash mto ule haukuwa mpaka wa mtu yeyote. Bendera nyekundu ya Sultani ilipandishwa hata Tungi, kusini ya kwetu, karibu na Rasi ya Delgado. Sisi tulikuwa pindo la kanzu yake. Na mtu akitaka kujua kanzu imeshonwaje, asitazame kifua peke yake penye nakshi, atazame na pindo pia. Basi mimi nitayasimulia maisha yake kama yaonekanavyo kutoka huku pindoni.

Barghash alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati akafanya Unguja kuwa mji wake mkuu. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Seyyid Said alikuwa na watoto wengi, na kwa desturi za ukoo ule enzi haikurithiwa kwa kuzaliwa kwanza tu. Mwenye nguvu na watu wa kumfuata aliweza kuitaka. Jambo hili ndilo lililomtia Barghash katika taabu tangu ujana.

Mwezi wa Oktoba 1856 Seyyid Said alikufa baharini akirudi kutoka Omani. Barghash, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwa pamoja naye chomboni. Akauleta mwili wa baba yake Unguja, akajaribu kuitwaa ngome kabla watu hawajatambua lililotokea. Hakufaulu. Ndugu yake Majid akakalia kiti.

Miaka mitatu akakaa na kinyongo moyoni. Mwaka 1859 akainuka kwa dhahiri, akisaidiwa na Waarabu wa kabila la el-Harthi na baadhi ya dada zake, akiwamo Khole na binti mdogo aitwaye Salme. Askari wa Majid wakaizingira nyumba yake mjini. Dada zake wakaingia kumwona, wakamvika nguo za kike, wakamfunika uso, naye akatoka katikati yao mbele ya walinzi. Akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles, ambako wenzake walijijengea ngome. Lakini Majid alipata msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na ngome ile ikaanguka. Barghash akarudi mjini kwa siri, na baadaye akajitoa mikononi mwa wenye nguvu. Hukumu yake ikawa kuhamishwa, akapelekwa Bombay.

Naomba wanafunzi waitie maanani safari hiyo, maana ndiyo shule yake kubwa. Bombay ya wakati ule ilikuwa na reli, mitambo ya kupigia chapa na bandari iliyojaa meli za moshi. Na mwaka 1860, Barghash akiwa huko huko, mji ulianza kuletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar. Alikwenda kama mfungwa, akarudi mwaka 1861 amejifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba mji waweza kutengenezwa. La pili, kwamba mwenye manowari ya Kiingereza upande wake ndiye mwenye enzi. Mwaka ule ule wa 1861 Waingereza waliamua ugomvi wa Unguja na Omani, wakazitenga nchi mbili hizo, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Majid alikufa Oktoba 1870, na Barghash akapata alichokitamani kwa miaka kumi na minne. Waingereza walitumaini kwamba atawatii katika jambo la kukomesha biashara ya watumwa, lakini alipokwisha kukaa kitini akakataa. Mwanzo wa enzi yake haukuwa mwepesi. Kipindupindu kilikuwa kimepita na kuua watu wengi mno. Kisha mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ikapiga Unguja, ikang'oa mikarafuu mingi na kuvunja vyombo vingi bandarini. Mapato yake yalitegemea karafuu na forodha, na forodha yenyewe ilikuwa imekodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Mfalme akajikuta na nyumba kubwa na mfuko mwembamba.

Katika hali hiyo, Januari 1873, akaja Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka atie sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa, akaeleza hasara ya tufani na hasira ya Waarabu wenye mashamba. Frere akaenda zake bila sahihi. Lakini baadaye balozi wa Kiingereza, Dr. John Kirk, akaamriwa kumwarifu kwamba asipokubali, manowari zitaizuia Unguja isiingie chombo wala kutoka. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Mwaka ule ule msingi wa kanisa kubwa la Waanglikana uliwekwa mahali pale pale.

Hapa lazima niseme wazi. Wako wanaomsifu Barghash kama kwamba yeye ndiye aliyewahurumia watumwa. Sivyo, alisukumwa. Watu waliouzwa katika soko lile wengi walitoka nchi za Ziwa Nyasa na bara ya Ruvuma, wakapitishwa Kilwa. Mababu wa baadhi yetu walikuwamo katika misafara ile. Lakini haki ni haki: alipokwisha kutia sahihi hakuligeuza neno lake. Mwaka 1876 akatoa amri ya kukataza misafara ya watumwa hata kwa njia ya nchi kavu, na watu wa Kilwa walipofanya ghasia aliisimamia amri yake. Tangu 1877 akawa na askari wa namna mpya, waliofunzwa na Mwingereza aitwaye Lloyd Mathews, na baada ya muda mfupi walizidi elfu moja.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akaonana na Malkia Victoria huko Windsor, akatazama viwanda na bandari, akapita Paris. Aliporudi akaanza kuutengeneza mji wake kwa bidii ambayo hata adui zake hawakuweza kuikanusha. Akanunua meli za moshi zilizochukua bidhaa na abiria mpaka Bara Hindi, na mahujaji kwenda Hijazi. Akaleta mtambo wa chapa, vikachapishwa vitabu vya dini na sheria. Mwaka 1879 simu ya waya ikafika Unguja kupitia chini ya bahari kutoka Aden. Akajenga majumba ya Chukwani na Maruhubi, na hamamu ya watu wote mjini. Mwaka 1883 likamalizika jumba la Beit al-Ajaib, refu kuliko majumba yote ya mji, na ndani yake zikawashwa taa za umeme. Sehemu ya jumba hilo ilianguka mwezi wa Desemba 2020, na watu wengi walisikitika kama aliyefiwa.

Lakini kwangu mimi kazi yake kubwa si jumba lile. Kazi yake kubwa ni maji. Alijenga mfereji na mabomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, yakaleta maji safi mjini, akateka tajiri na maskini pia. Mji uliokuwa ukinywa maji ya visima vibaya, na kuzikana kwa kipindupindu, ukapata maji ya kufaa. Aliyaona Bombay akiwa mtu aliyeshindwa, akayakumbuka alipokuwa mfalme. Watu wengi wakishuka mashakani hukumbuka maudhi waliyotendewa tu. Huyu alikumbuka na mema aliyoyaona.

Sasa nawaomba wasomaji tutoke mjini, twende bara. Kuna msemo kwamba zumari likipigwa Unguja, watu wa Maziwa Makuu hucheza. Msemo huo ulikuwa na ukweli wake katika biashara: bei ya pembe ilipopanda Unguja, watu wa Tabora na Ujiji walijua. Lakini zumari si serikali. Katika miji ya pwani Sultani alikuwa na liwali, askari wachache na nyumba ya forodha. Huko ndani alikuwa na jina lake na salamu za wafanyi biashara. Hakujenga barabara ya maana, wala hakuweka kadhi kijiji kwa kijiji, wala hakuchimba kisima. Wakati wa amani upungufu huo haukuonekana. Ulionekana siku Wazungu walipoanza kuulizana ni nani hasa anayeitawala nchi.

Mwisho wa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara kwa siri, akawatia wakubwa wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami alama zao katika karatasi ambazo maana yake hawakuijua. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Barghash akapeleka malalamiko yake kwa simu mpaka Berlin. Jawabu likawa kwamba huko bara hakuwa na utawala wa kuonekana. Mwezi wa Agosti manowari tano za Wajerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea mjini. Akamgeukia Kirk, rafiki na mshauri wake wa miaka mingi. Lakini serikali ya Kirk haikutaka kugombana na Wajerumani kwa ajili ya Sultani, na Kirk akaamriwa kumshauri akubali. Akakubali.

Katika meli za Wajerumani alikuwamo mwanamke mmoja, Bibi Emily Ruete. Huyo ndiye Salme, yule dada mdogo aliyemsaidia katika fitina ya 1859. Alikuwa ameolewa na Mjerumani, akaacha nchi na dini yake, naye Barghash hakupata kumsamehe. Sasa alikuja kudai urithi wake chini ya bendera ya wageni. Ndugu yake hakukubali kuonana naye. Sijui mfalme gani alipata kuona msiba wa nyumba yake na msiba wa nchi yake vikitia nanga pamoja bandari moja.

Mwaka huo wa 1885 haukuwa mbaya kwa Unguja peke yake. Katika nchi ya Burma, mashariki ya Bara Hindi, alikuwapo mfalme aitwaye Thibaw, aliyetawala tangu 1878 katika mji wa Mandalay. Novemba 1885 jeshi la Kiingereza lilipanda mto mpaka mji mkuu wake, likamtoa yeye na malkia wake, wakapelekwa Ratnagiri, kusini ya Bombay katika pwani ile ile. Huko Thibaw akafa mwaka 1916 bila kuiona tena nchi yake. Tazameni tofauti yao. Barghash alihamishwa kwanza, kisha akatawala. Thibaw alitawala kwanza, kisha akahamishwa. Lakini wote wawili walijua pwani ile, na wote wawili waliona kwamba kiti cha dhahabu hakizuii mzinga.

Mwaka 1886 Waingereza, Wajerumani na Wafaransa walituma tume kuchunguza mipaka ya Sultani. Mwenye nchi mwenyewe hakuwa na kiti katika tume hiyo. Mwezi wa Novemba Uingereza na Ujerumani zikapatana: Sultani abaki na visiwa vyake, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu, kutoka Kipini kaskazini mpaka mto wa Minengani katika ghuba ya Tungi, pamoja na miji michache ya pwani ya Wasomali. Nchi yote nyuma ya ukanda huo wakagawana wao wawili. Desemba akatia sahihi tena.

Angalau katika karatasi hiyo Tungi ilihesabiwa kuwa yake. Lakini Wareno, waliokuwa wakiidai Tungi tangu zamani, hawakukubali. Desemba hiyo hiyo walipatana na Wajerumani kwamba Ruvuma ndio mpaka baina yao. Kisha Februari 1887 wakamtaka Sultani aiache ghuba ile upesi. Alipokawia, manowari zao zikaikamata meli yake moja, zikavipiga kwa mizinga vijiji vya Tungi na Minengani, vikateketea. Wakubwa wale wawili walioiandika Tungi kuwa ya Sultani hawakuleta hata mashua moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu hakumtegemea hata ndugu, alitegemea balozi.

Hapo ndipo pindo lilipochanika. Kipande kilichobaki kati ya Rasi ya Delgado na mlango wa Ruvuma, yaani Kionga, ambako ndiko kwetu, kikawa cha kugombaniwa. Wajerumani wakakitwaa mwaka 1894. Wareno wakakirudisha Aprili 1916, wakati wa vita kuu, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Hivyo mtu wa Kionga aliyezaliwa raia wa Sultani aliweza kuwa chini ya Mjerumani na kufa chini ya Mreno, wala asihame nyumba yake hata siku moja. Na mto ambao babu zetu waliuvuka kwa mitumbwi kwenda harusini au matangani ukawa mpaka wa madola. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, mpaka ulibaki pale pale.

Barghash mwenyewe hakuishi sana baada ya Tungi. Mei 1887 aliwakodisha Waingereza ukanda wake wa kaskazini, kutoka Umba mpaka Kipini. Afya yake ilikuwa imeharibika. Alisafiri kwenda Omani kuoga katika chemchemi za maji ya moto, asipate nafuu, akarudi Unguja akafa mara tu baada ya kufika, Machi 1888, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Ndugu yake Khalifa akamrithi. Miaka miwili baadaye, 1890, Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na pwani ya kusini Wajerumani wakainunua kwa maki milioni nne.

Je, alikuwa mfalme mwema au mbaya? Wanafunzi wengi wakiulizwa swali kama hili katika mtihani hujibu kwa kuhesabu: majumba haya, mikataba ile. Mimi nafikiri swali lenyewe lazima liulizwe mahali pawili. Ukiliuliza Unguja mjini, jawabu ni kwamba alikuwa mfalme hodari, aliyewapa watu maji, taa, meli na vitabu, na aliyetetea nchi yake kwa ulimi na kalamu kwa kuwa nguvu nyingine hakuwa nayo. Ukiliuliza Tungi na Kionga, jawabu ni fupi zaidi. Huku tulipata bendera, liwali na forodha. Ushuru ulikwenda Unguja, na mabomba ya maji hayakuja kwetu. Hata manowari zilipofika, hapakuwa na jambo lolote la Sultani hapa ambalo mtu angeweza kulionyesha na kusema, hili ndilo lililotufanya kuwa watu wake.

Sisemi kwamba kisima kingezuia mzinga. Wareno wangekuja tu, na Wajerumani pia. Waliwashinda wafalme wenye nguvu kumpita yeye. Lakini tazameni nini kilichobaki. Nchi alizozishika kwa bendera zilipotea zote alipokuwa hai au muda mfupi baada ya kufa kwake. Maji aliyoyaleta mjini yaliendelea kutekwa na watu waliozaliwa baada yake, na jina lake likatajwa kwa heri.

Wako miongoni mwenu, vijana, watakaokuwa mabwana shauri, waganga, walimu na wakubwa wa serikali. Nanyi mtakuwa na mjini kwenu na pindoni kwenu. Ni rahisi kupeleka mema mahali unapokaa, ambapo watu watakuona na kukushukuru. Kule mbali hupelekwa mtoza ushuru kwanza, na mengine husemwa yatafuata. Barghash alikuwa na akili nyingi, na alijifunza katika taabu kuliko wengi wetu tujifunzavyo katika raha. Hata hivyo alilikosa hilo, nasi wa pindoni tulililipia. Atakayepata madaraka na ayakumbuke ya Tungi kabla hajajenga Beit al-Ajaib yake.